Shelisheli usiku 9, visiwa vitatu na mama mkwe: nianze kulipia nini?

Baba Nuru
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi wa saba, tumejichanga muda mrefu twende Shelisheli na tunaenda na mama mkwe, ana miaka 68, anatembea vizuri ila magoti yanamsumbua na akipanda boti anatapika. Tuna usiku 9. Ndege tuliyoiona inatua Mahé saa kumi na moja jioni, ya kurudi inaondoka saa nne asubuhi.
Nilivyopanga mimi ni Mahé usiku 3, Praslin 2, La Digue 2, halafu Mahé tena 2. Mke wangu anatamani tuongeze kisiwa cha nne. Kuna gesti moja Praslin, upande wa Grand Anse, bei yake nzuri mno ila ukilipa harudishi hela, nimebakiza kubonyeza tu. Nibonyeze? Na je huyu mama tumpandishe boti au kuna ndege ndogo?

Mzee wa Ramani
Hongereni kwa miaka kumi. Usibonyeze kwanza mkuu.
Wengi tunaanza na chumba kwa sababu picha ndizo zinazovuta, lakini kule kinachotawala safari ni namna ya kuvuka. Kata tiketi ya ndege kubwa, halafu fungua ratiba ya boti ya tarehe zako zilezile uone zinaondoka saa ngapi na zipi zimejaa, ndipo uende kwenye vyumba. Ndege zote kubwa zinatua Mahé tu, kwa hiyo huwezi kuingilia kisiwa kimoja ukatokea kingine, lazima urudi ulikoanzia.
Sasa ratiba yako. Kila unapohama kisiwa nusu siku imekwenda, mnafungasha, mnatoka chumbani saa nne, mnakaa na mabegi gatini, mnafika mnaambiwa chumba bado kinasafishwa. Ukilala usiku 2 mahali una siku moja tu nzima. Mimi ningefanya hivi: mkitua jioni mlale Mahé usiku 1 maana boti mtakuta zimeshaisha, kesho yake asubuhi nyoosheni moja kwa moja hadi kisiwa cha mbali, La Digue, usiku 3, mrudi Praslin usiku 3, mmalizie Mahé usiku 2. Jumla 9, na kutoka La Digue kila hatua inawasogeza kwenye ndege yenu ya kurudi.
Kuhusu mama, mwezi wa saba ni msimu wa upepo wa kusini-mashariki, unavuma kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi. Hewa inakuwa nzuri, mvua si nyingi, ila bahari kati ya Mahé na Praslin inachafuka na boti inachukua kama saa nzima. Kwa mtu anayetapika hiyo saa ni ndefu sana. Ndege ndogo ipo, ina propela mbili, ni dakika 15 hadi 20 na inaondokea uwanja uleule mnaotua. Uzito wa mizigo ni mdogo kuliko ndege kubwa, fungasheni kidogo. La Digue haina uwanja wa ndege, hivyo kutoka Praslin lazima boti, lakini hiyo ni robo saa tu, atavumilia. Ila uwanja wa Praslin uko upande mmoja wa kisiwa na gati la Baie Sainte Anne upande mwingine, wekeni nafasi ya teksi hapo katikati, msibane muda.

kasia_refu
Naheshimu mawazo ya mzee hapo juu ila ndege ndogo kwa watu watatu ni hela nyingi na mwaka jana mama yangu alivuka kwa boti vizuri tu. Ampe dawa ya kichefuchefu kabla ya kuondoka, siyo akishaanza kuumwa, akae chini karibu na nyuma ambako hakurukiruki sana, asisome simu. Hela inayobaki mlale sehemu nzuri.

Mzee wa Ramani
@kasia_refu mlivuka mwezi gani?

kasia_refu
Wa nne.

Mzee wa Ramani
Basi ndiyo hapo. Mwezi wa nne upepo unakuwa unageuka na bahari imetulia kabisa, wa saba ni bahari nyingine. Dawa na kiti cha nyuma ni ushauri mzuri na nakubaliana nao, vitamfaa kwenye ile robo saa ya La Digue. Na siyo lazima wote wapande ndege, mama na bintiye wapae, baba avuke na mabegi makubwa kwa boti wakutane Praslin.

Mama Lulu
Ndugu yangu hilo la kumalizia Mahé lishike kwa mikono miwili. Sisi tuliona tujibane hadi mwisho, tukalala La Digue usiku wa mwisho wakati ndege yetu ilikuwa kesho yake mchana. Asubuhi upepo mkali, boti ikafutwa, tukakaa gatini na watoto wawili tunaangalia mawimbi, na ndege ikaenda bila sisi. Tiketi ya boti walirudisha, lakini ya ndege hawakuwa na habari na boti yetu kwa sababu tulikata mbalimbali, tukanunua upya watu wanne. Nililia pale gatini sitaki kusema uongo. Na wewe ndege yako ni saa nne asubuhi, ndiyo usijaribu kabisa, lala Mahé upande wa uwanja siku hiyo ya mwisho. Hata mkianza safari acheni nafasi, ndege kubwa ikichelewa msiwe na boti iliyolipiwa inayowasubiri jioni ileile.

Bi Mwamvua
Nimesoma hapo kwenye Grand Anse ya Praslin nikashtuka. Hiyo bei nzuri mwezi wa saba ina sababu, upepo ule unasukuma mwani mwingi ufukwe ule, unakuta rundo limejaa pwani na harufu juu. Watu wanasafisha asubuhi na mwingine unakuja. Tafuteni upande wa pili, Côte d'Or, na kuogelea mwende Anse Lazio, kaskazini kule kunakuwa kumekingwa. Mwezi wa kwanza mambo yanageuka, upepo unatokea kaskazini-magharibi na Anse Lazio ndiyo inachafuka. Kwa hiyo kabla ya kulipa chumba chochote kule angalia ramani, ufukwe umeelekea wapi na upepo wa mwezi wako unatoka wapi. Kwa Mahé kanuni hiyohiyo, mwezi wa saba Beau Vallon inatulia.
La Digue mlale karibu na gati la La Passe kwa ajili ya magoti ya mama. Kule watu ni baiskeli, magari machache mno, kuna vigari vya umeme na teksi kidogo, muulizeni mwenye gesti kabla ya kulipa kama anaweza kuwapokea gatini na kama chumba hakina ngazi. Ufukwe wa Anse Source d'Argent atafika, unaingilia shamba la L'Union na kuna kiingilio. Grand Anse ya La Digue (jina lilelile kisiwa tofauti, angalia usichanganye kwenye kubuku) nzuri kwa macho tu mwezi huo, mkondo unavuta, msiogelee.
Jingine, viza hamhitaji lakini kibali cha kuingia kinaombwa kwenye intaneti kabla ya kupanda ndege, na wanataka waone tiketi ya kurudi na mahali mtakapolala siku zote, tena sehemu yenye leseni. Ile ya kusema usiku wa mwisho tutatafuta hukohuko haipo. Hema pia hawaruhusu.

Baba Nuru
Asanteni sana wote, mmeniokoa na ile gesti. Nimemsomea mama mkwe kisa cha @Mama Lulu akasema boti ya siku ya mwisho hapandi mtu. Bado kisiwa cha nne, mke wangu hajakata tamaa.

Bi Mwamvua
Mpe Curieuse shemeji. Iko karibu kabisa na Praslin, mnaenda asubuhi na boti ndogo mnarudi jioni bila kuhamisha begi, kuna kobe wakubwa wanatembea huru. Siku ya upepo mkali muahirishe, ndiyo faida ya kuwa na usiku 3 pale, mnaingia Vallée de Mai badala yake, msitu wa coco de mer, ile minazi yenye nazi kubwa mno, uliomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1983. Mama atatembea taratibu kivulini.

Baba Nuru
Amekubali! Leo nakata ndege, kesho naangalia boti na ile ndege ndogo ya Mahé kwenda Praslin, mimi navuka na mabegi. @Bi Mwamvua naomba uniangalizie vyumba viwili vya Côte d'Or nitakavyoviweka hapa usiku, nataka kujua kipi kina ngazi chache.

Bi Mwamvua
Weka, nipo.