Paka jike analia usiku kucha: nimfungie, nimchome sindano au nimpeleke akafungwe kizazi?

Raskazone
Wapendwa, naombeni mawazo yenu. Zeituni wangu ana miezi minane. Leo ni usiku wa nne anajigaragaza sakafuni, anainua kiuno, mkia anauweka pembeni, analia kama mtoto aliyeachwa peke yake. Nilidhani tumbo linamsokota, nikakaa namkanda. Jirani ndiye aliyenifungua macho: anatafuta dume. Na kweli, ukutani wamejipanga madume wanne. Nimeshauriwa nimfungie ndani mpaka apoe, au nimchome sindano ya uzazi wa mpango, au azae mara moja kwanza, au afungwe kizazi sasa hivi. Ninyi wenzangu mlifanyaje?

Bint Nyali
Pole dada. Mimi nilianza kwa kumfungia. Alipoa baada ya wiki moja, nikashukuru Mungu. Haikupita wiki tatu, kilio kikaanza upya. Mara ya tatu akapenya dirisha la jikoni alfajiri. Miezi miwili baadaye nikawa na watoto watano wa paka, na wa kuwachukua nikampata mmoja tu. Wale wanne waliobaki walinitoa machozi.

Afisa Mifugo
Alivyoeleza Bint Nyali ndivyo maumbile ya paka yalivyo. Jike hupevusha yai akishapandwa. Asipopandwa, joto, yaani hali hii ya kutafuta dume, hupoa lenyewe ndani ya wiki moja hivi, kisha hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Ulaya majike hupumzika msimu wa baridi kwa sababu mchana huwa mfupi. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haupungui sana, kwa hiyo paka wetu wanaweza kuingia joto mwaka mzima. Kumfungia ni kwa ajili ya wiki hii tu, mwezi ujao utarudi palepale.

Baba Swaumu
Mie naona azae mara moja. Tangu zamani tunaambiwa jike asiyezaa huugua.

Afisa Mifugo
Kaka, hilo tumelirithi wengi lakini halina msingi. Kuzaa hakumkingi na kitu. Kinachomkinga ni kufungwa kizazi mapema: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa majike waliofungwa kabla ya miezi sita hatari yao ya saratani ya matiti ilipungua kwa asilimia 91, na waliofungwa kabla ya mwaka mmoja kwa asilimia 86. Uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ndio ule mbaya. Zeituni ana miezi minane, bado yumo ndani ya muda. Tena paka anaweza kushika mimba nyingine huku ananyonyesha, kwa hiyo hiyo "mara moja" si rahisi kuisimamia.

Mzee Kombo, Unguja
Wanangu, sindano msiichukulie wepesi. Nilimchoma wangu mara mbili kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko upasuaji. Joto liliondoka kweli. Baada ya miezi akawa anakunywa maji hayamtoshi, chakula hali, tumbo limejaa, nyuma anatoa uchafu unaonuka. Tulipompeleka, kizazi kilikuwa kimejaa usaha. Hakupona. Nilikuwa naye miaka sita.
Na anayeogopa kumfunga paka kizazi kwa upande wa dini amuulize sheikh wake. Wanavyuoni wamehitilafiana, lakini wapo wanaoruhusu ikiwa kuna maslahi na mnyama hadhuriki.

Raskazone
Shikamoo Mzee Kombo, pole sana. Sindano nimeiacha. Afisa, anaweza kupasuliwa akiwa bado kwenye joto?

Afisa Mifugo
Inawezekana, ila mishipa ya kizazi wakati huu imejaa damu, ndiyo maana madaktari wengi hupenda kusubiri apoe. Usisubiri mno, joto jingine lisikukute. Muulize daktari kama atatoa mifuko yote miwili ya mayai. Kikibaki kipande, kilio kitarudi. Muulize pia saa ya mwisho ya kumlisha kabla ya dawa ya usingizi. Na tafadhali, usimpe panadol eti atulie. Paka panadol inamuua, hata kidonge kimoja.

Bint Nyali
Wangu alikuwa analamba mshono. Nilikata mkono wa fulana kuukuu, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha. Siku kumi alikaa nao mpaka nyuzi zikatolewa. Siku ya kwanza alilala tu, ya pili akadai samaki.

Raskazone
Nimeshaongea na daktari wa mifugo, akipoa nimpeleke wiki ijayo. Fundi yuko jikoni sasa hivi anapigilia wavu dirishani. Fulana ya marehemu baba ipo kabatini, laini kabisa, nitaitoa hiyo.