Trela ya farasi wawili wakubwa: mtumba wa Uingereza au ya kuchomelewa Nakuru?

Njoro_Juu
Habari za jioni wadau. Nina farasi wawili wa kusafirisha, begani wana sentimita 170 na 172. Safari ni Njoro hadi Eldoret, mara mojamoja Kisumu. Nimepata trela mbili. Ya kwanza ni mtumba wa Uingereza, ekseli mbili, kibati kinasema uzito wa mwisho kilo 2,700, tupu kilo 980, sakafu ya mbao. Ya pili ataichomelea fundi hapa Nakuru kwa chuma kitupu. Anakadiria kilo 1,400 na hataki kuweka breki, eti za gari zinatosha. Gari ni Hilux ya dizeli, kitabu kinaruhusu kilo 2,500 kwa trela yenye breki na 750 isiyo na breki. Shambani pia kuna Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ. Nichukue ipi?

Mizani_Kwanza
Kabla ya trela, pima farasi. Zungusha futi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Vyote kwa sentimita: kifua mara kifua mara urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Kifua 205 na urefu 178 ni karibu kilo 630.

Tuseme wako wana 660 na 630, jumla 1,290. Ongeza trela 980, halafu maji, nyasi na matandiko kilo 80. Hiyo ni 2,350. Kwa Hilux umebakiwa na kilo 150 tu, na trela kuukuu huwa nzito kuliko kibati kwa sababu mbao hunywa maji. Ipeleke kwenye mizani ya ghala la mahindi ikiwa tupu, ndipo uamini. Ile ya chuma inafika 2,770 bila breki. Hiyo hata tusiijadili.

Trela uifunge kwenye Land Cruiser. 1HZ haina tabo (kisukuma hewa cha injini), na injini ya namna hiyo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mlima wa Timboroa wa kwenda Eldoret utaupanda polepole. Si neno. Kupanda polepole hakujaua mtu. Kinachoua ni kurudi, Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa, na pale unahitaji gari zito mbele.

Fundi wa Ekseli
Naunga mkono mtumba, lakini ingia chini yake na bisibisi kabla ya kutoa pesa. Ondoa mikeka ya mpira yote. Mkojo hukaa chini ya mkeka na mbao huoza kutoka juu huku upande wa chini ukionekana mzima. Dunga kila ubao kwa bisibisi, hasa kandokando na pale miguu ya nyuma inaposimama. Bisibisi ikizama, badilisha sakafu yote, usitie kiraka.

Breki za trela hizi hazina waya wala mafuta kutoka kwa gari. Ukipunguza mwendo, trela inasukuma ulimi wake (chuma cha mbele kinachoshikana na gari), ulimi unavuta fito, fito inavuta kebo za magurudumu. Sukuma ulimi kwa mkono: uingie kwa uzito na urudi wenyewe taratibu. Ukiingia kirahisi na kugonga, dampa, ile ya kupunguza kishindo cha ulimi, imekufa. Inua kila gurudumu, likicheza ni beringi. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni: 2317 ni wiki ya 23 mwaka 2017. Trela hukaa miaka bila kutembea, kashata (mikato ya tairi) nzima lakini mpira umepasuka ubavuni.

Kwenye mteremko mrefu ulimi hukaa umesukumwa muda wote, breki zinapata moto na kulegea. Kwa hiyo gia ndogo kabla mteremko haujaanza, si katikati.

Na logbuku: trela ina yake na nambari yake inayoanza na Z. Bila hiyo, achana nayo.

Njoro_Juu
Asanteni sana. Land Cruiser imeinuliwa springi, boli ya kuvutia (tufe la chuma linaloshika trela) iko sentimita 58 kutoka chini. Fundi anasema atakunja ulimi wa trela uelekee juu.

Fundi wa Ekseli
Asiuguse ulimi! Ukiukunja, breki hazifanyi kazi sawasawa. Teremsha boli kwa bamba la kushushia lenye bolti za 8.8, hadi trela ikiwa imebeba ikae sambamba na barabara, kwa kawaida sentimita 35 hadi 42. Pua ikitazama juu, uzito unahamia ekseli ya nyuma na trela inaanza kuyumba. Boli iwe ya milimita 50. Ikilika hadi 49, tupa. Kamba ya dharura, inayovuta breki trela ikichomoka, ifungwe kwenye chesisi ya gari, isizungushwe kwenye boli, maana boli ikikatika inaondoka na kamba.

Saisi_Gilgil
Mmesahau abiria. Kwa ukubwa huo ndani iwe na mita 2.25 kwenda juu au zaidi, na kila farasi apate sentimita 80 za upana. Kizuizi cha kati kisishuke hadi sakafuni. Farasi hujishikilia kwenye kona kwa kutanua miguu. Akizuiwa anaanza kupanda ukuta kwa kwato, na watu husema ni mkorofi.

Mzito apakiwe kulia, upande wa dereva, kwa sababu barabara zetu huinama kushoto. Akisafiri mmoja, pia kulia. Funga bomba la kuzuia nyuma ya farasi kwanza, kichwa baadaye. Kushusha ni kinyume: fungua kichwa kwanza, la sivyo atarudi nyuma akiwa amefungwa na kukata kamba. Kisumu ni joto, fungua madirisha yote lakini mlango wa juu wa nyuma ufungwe, ukiwa wazi unavuta moshi wa gari ndani.

Mizani_Kwanza
Na ukaze nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50 za kwanza. Ukitoka Njoro, hiyo ni kabla ya Mau Summit.