Shindano la sanaa la jiji hapa Lubumbashi: kura zimeuzwa, na shaba yangu imerudi imesuguliwa

Jambo kwenu wote. Nimekaa na hili siku nne bila kuandika nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Mimi ni mpiga shaba wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi. Napiga mabamba ya ukutani miaka 19 sasa, kazi niliyoachiwa na mjomba wangu. Mwezi uliopita niliingia shindano la sanaa la jiji, lile lililotangazwa redioni kwamba mshindi atachaguliwa na watu wa Lubumbashi wenyewe. Nikalipa dola 10 za kujiandikisha, nikapeleka kazi. Waandaaji sitawataja. Wanajijua.

Kushindwa nimeshazoea. Kijana aliyechukua zawadi ni mchoraji hodari, sina neno naye. Ninachokataa ni ile kuitwa kura ya watu.

Kwa asiyejua kazi yetu, ngoja nieleze kidogo. Bamba langu lilikuwa mita 1.20 kwa sentimita 80, unene wa nusu milimita, zaidi ya kilo 4 za shaba. Unalichoma kwanza motoni lilainike, unalilaza juu ya lami, unaligonga kwa nyuma kwa nyundo na tindo ndogo hadi umbo lianze kuvimba upande wa pili. Kadiri unavyogonga shaba inakaza. Ukiilazimisha inapasuka, kwa hiyo unairudisha motoni na kuanza tena. Hili nimelirudisha motoni mara kumi na moja. Mwisho unalitia weusi, halafu unafuta kwa juu juu na kitambaa, weusi ubaki kwenye mabonde peke yake. Ule weusi ndio kivuli. Ndio unaofanya mgongo uwe mgongo.

Umbo nililolipiga kwenye bamba ni mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye barabara ya Kasenga, alfajiri. Ninyi mnaoamka mapema mnamjua.

Sasa sikilizeni kura ilivyopigwa. Kazi zilitundikwa katika ukumbi mmoja mjini, upande wa Posta, na kwenye mlango kuna mlinzi anayedai franka 5,000 ndipo uingie. Mtu wa Katuba apande taxi-bus, alipe mlangoni, arudi tena kwa taxi-bus, ili aangalie picha? Kwa hiyo wengi waliobofya kura hawakukanyaga pale. Walitazama kipicha kwenye simu, kidogo kama stempu, wakatuma pesa kwa simu. Kura moja franka 1,000. Na hakuna kikomo! Mwenye dola 100 mfukoni, peke yake, ni mtaa mzima.

Na kipicha chenyewe. Kijana wao alikuja kupiga picha usiku, umeme umekatika, akawasha flashi mbele ya shaba. Anayejua kamera anajua kinachotokea: pale penye mgongo wa mtu pakawa doa jeupe, na baiskeli ikapotea. Nikamwambia, mwanangu, shaba haipigwi picha hivyo, ngoja asubuhi tuisogeze dirishani, nitaishika mimi mwenyewe. Akanijibu, "Papa, usisumbuke, batu batapiga kura tu." Doa hilo ndilo lililopigiwa kura siku kumi. Niliomba wabadilishe picha mara tatu, wakasema mfumo umeshafungwa.

Kuna mama mmoja jirani yangu, anauza makala kwa visado mbele ya nyumba yake. Alisikia bamba ni la mtu wa makala, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaja. Mlango nilimlipia mimi. Alisimama mbele ya lile bamba muda mrefu, hakusema kitu. Kisha akaweka kiganja kwenye kiuno cha yule mtu, pale shaba inapoingia ndani, akaniambia, "Huyu amechoka hapa. Si mikononi. Hapa. Umeangalia vizuri, yaya." Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Marehemu mume wake alisukuma makala miaka mingi. Katika siku kumi zile hakuna aliyeniambia neno la kweli kuliko hilo.

Akauliza anaweka wapi kura. Hakuna sanduku, hakuna karatasi. Ni lazima simu ya intaneti, na akaunti ya pesa yenye salio. Yake ni ile ndogo ya tochi. Yule binti wa mezani akamwambia, mama, utampa mtoto wako nyumbani akupigie. Akafunga kitenge chake vizuri akaondoka. Aliyesimama mbele ya kazi hakupiga kura. Aliyekuwa kitandani Kinshasa na mega zake za intaneti alipiga mara hamsini. Nitaiitaje hiyo kura ya watu wa Lubumbashi?

Nilipolalamika, mmoja wa wakubwa wao akanijibu kwamba watu wa kawaida hawana utamaduni wa sanaa, ndiyo maana hawakujitokeza, na kwamba mimi pia sikuhamasisha watu wangu. Hapo ndipo damu ilinipanda. Katika mji huu? Hapa ambapo wafanyakazi wa migodi, tangu siku za wazee wetu, walitundika sebuleni picha ya mamba muntu, yule mwanamke-samaki wa majini, kabla hata hawajanunua kabati? Wachoraji walibeba tablo zao, rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga, wakazitembeza mlango kwa mlango, na mwenye nyumba akachagua kwa macho yake na kwa mshahara wake. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mmoja wao. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi hii katika tablo 101, na leo maprofesa wanaandika vitabu juu yake. Wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa aina ya yule mama. Walijua kuchagua vizuri kwa sababu kitu kilisimamishwa mbele yao.

Mpwa wangu anayesoma sanaa ameniambia habari za ArtPrize, shindano la mji wa Grand Rapids huko Marekani. Lilianza mwaka 2009, zawadi ya kwanza dola 250,000, na waamuzi walikuwa umma. Lakini kupiga kura ilibidi ufike mjini pale, ujiandikishe kwa mwili wako. Hukununua kura. Baadaye wakaweka pia majaji wataalamu, wenye zawadi yao pembeni. Mwaka 2014 Anila Quayyum Agha alileta kasha la mbao lililotobolewa nakshi pande zote, taa moja ndani, na vivuli vikajaa kuta, dari na watu waliomo. Hebu lipige picha kwa flashi uone kinachobaki! Umma ulilipatia kasha hilo zawadi kubwa, na majaji nao wakalipatia zawadi yao. Kazi hiyohiyo. Ndiyo maana nasema huyo mkubwa ametutukana. Mwingize mtu ukumbini, mwache atazame, halafu umuulize.

Jumamosi nikaenda kuchukua kazi yangu. Naandika hapa polepole nisije nikatukana. Kona ya juu kulia imepinda, hiyo naweza kuinyoosha. Lakini mtu amelisugua. Amechukua waya wa kusugulia sufuria akasugua bamba zima ling'ae kwa siku ya kufunga, eti wageni walikuwa wanakuja. Weusi wote umetoka. Mabonde yote yamepauka, mikwaruzo imepita juu ya uso wa yule mtu, na pale kiunoni, pale yule mama alipoweka kiganja, hakuna kitu tena. Pamelala. Nimeuliza nani amefanya, kila mmoja anamtazama mwenzake. Wakanipa cheti cha ushiriki. Jina langu wamelikosea.

Nataka dola 10 zangu. Nataka gharama ya kulirudia bamba, kwa sababu mikwaruzo ile haitoki bila kulichoma na kulipiga upya. Na nataka watoe hadharani, kwa kila kazi, kura zilikuwa ngapi na zilitoka kwenye namba ngapi za simu. Hilo la mwisho hawana sababu ya kulikataa, hesabu zote wanazo kwenye mashine yao.

Walioshiriki mko wapi? Najua wawili wa mtaa wa Kenya na mmoja wa mtaa wa Ruashi, hapahapa mjini, walirudishiwa vitu vimevunjika wakanyamaza. Mwenye picha za kazi yake kabla na baada aziweke hapa. Mwenye ujumbe wa malipo ya kura auhifadhi, asifute. Jumanne saa tatu asubuhi nakwenda ofisini kwao na bamba langu begani, na yule mama amesema tunakwenda wote.