Nimeitwa kazi ya yaya kwenye nyumba ya taratibu kali Njiro. Niende au nibaki Sakina?

Anti wa Sakina
Habari zenu wakuu. Nina miaka 27, nina cheti cha malezi ya awali, na kwa sasa nipo kituo cha kulelea watoto hapa Sakina, Arusha. Napata 150,000, nalala kwangu, wikendi ni yangu. Mzazi mmoja kaniunganisha na familia ya kigeni Njiro, baba yuko shirika la kimataifa. Wananitaka niwe yaya wa kulala hapo hapo kwa 220,000, chakula juu yao, Jumapili napumzika.

Nimeenda kwenye usaili, jamani ile si nyumba ya kawaida. Kuna mpishi, dereva, mlinzi na dada wa usafi; mimi ni watoto tu. Sare nimeonyeshwa, imepigwa pasi. Ratiba imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: saa 12:30 asubuhi maziwa, saa 2 bustanini, saa 6 chakula, hata nguo za kuchezea na za kutokea zina rafu tofauti. Simu inakaa droo ya jikoni mpaka watoto walale. Wazazi wakiwa mezani mimi nakula jikoni. Mama mwenye nyumba ni "Madamu" kwa kila mtu. Chumba changu ni kizuri, kimepakana na cha mtoto wa miezi 8, na kuna kile kidude cha kusikilizia mtoto akilia.

Nina binti wa miaka 5, yuko kwa mama Marangu. Hela naihitaji, ila dada yangu anasema naenda kuwa mtumwa mwenye sare. Naombeni ushauri.

Mtu wa Kwa Mrombo
Sare inakuuma nini? Nesi anavaa, askari anavaa. Nenda kale hela za wazungu.

Anti wa Sakina
Nani kasema wazungu, mkuu? Ni Waafrika wenzetu.

Mama Mapacha
Mdogo wangu, kazi hii nimeifanya hadi nikaolewa. Taratibu zisikutishe. Mimi nilikoteseka ni kwenye nyumba za "wewe ni kama mwanangu": nilifua mazulia, nikachinja kuku wa wageni, nikalea na watoto wa shangazi mtu, na mshahara unaambiwa subiri mwezi mgumu. Penye mpishi na dada wa usafi, hakuna wa kukuita ukamenye vitunguu.

Ila hicho kidude umekitaja juu juu, na ndiyo habari yenyewe. Mtoto wa miezi 8 anaamka saa 7, anaamka saa 10. Nani anaamka naye? Kama ni wewe, halafu saa 12:30 maziwa, hiyo ni kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja.

Baba Kijenge
Mimi ni mwajiri. Simu hata kwangu hairuhusiwi, mtoto anayetambaa hasubiri umalize kuchati. Lakini omba namba ya nyumbani au ya mlinzi umpe bibi. Binti akiumwa Marangu wakupate saa hiyo hiyo.

Msoma Sheria
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimbagui dada wa kazi. Saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo siku 28 kwa mwaka. Halafu usishangilie 220,000 mapema: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia kima cha chini cha 250,000, wakati anayelala kwa mwajiri wa kawaida aliwekewa 60,000. Uliza huyo baba ana hadhi gani. Na mkataba uwe wa maandishi, nakala moja ubaki nayo.

Chausiku
Kitambulisho cha NIDA wape kivuli tu. Wakidai halisi wakakufungie kabatini, ondoka.

Anti wa Sakina
Asanteni sana. Nimempigia Madamu nikamuuliza habari ya usiku, kasema "tutaelewana."

Mama Mapacha
Hapo hamjaelewana. Mwambie usiku mgawane: siku za kazi aamke mzazi, Ijumaa na Jumamosi uamke wewe, na Jumamosi asubuhi uchelewe kuanza. Nimeona mabosi wakikubali hilo bila kelele, wengi hawajawahi kuulizwa. Akikataa, dai hela ya usiku. Akikataa na hiyo, kituo chako si kibaya.

Anti wa Sakina
Alhamisi narudi kuonana nao. Usiku na michango ya NSSF, ile ya pensheni, viandikwe kwenye mkataba, la sivyo nabaki Sakina. Sare nitavaa.

Baba Kijenge
Kituoni usiage bado. Na hata ukisaini, chumba chako usikirudishe kwa mwenye nyumba mpaka miezi ya majaribio iishe.