Ndoo ya Salimu

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi Mwana*

Mama Salimu: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaja Tanga kwa Idi. Salimu ametimiza miaka 3 na mnajua kliniki walituambia ana usonji (autism). Masikio walipima kwanza, mazima. Ukimwita mara tano hageuki, lakini karatasi ya biskuti ikilia chumba cha pili anakuja mbio. Kwa hiyo tafadhalini, asipoitika msimpigie kelele, na msimshike kidevu kumgeuza uso awatazame.

Mjomba Hamadi: Marahaba mwanangu. Sasa tusipomwita atatujuaje? Sisi tumelelewa hivyo, ukiitwa unaitika.

Shangazi Zuhura: Hamadi, mwache amalize.

Mama Salimu: Mwiteni mjomba, mara moja, mkiwa karibu naye. Ila kuna jambo linatangulia kuitika. Watoto wengi wakikaribia mwaka, ukitazama mlangoni na wao hutazama mlangoni. Wakifika mwaka na nusu wanakuonyesha kwa kidole, "paka!" Mtoto hamtaki yule paka, anataka tu na wewe umwone. Salimu hilo bado. Akitaka maji ananivuta mkono mpaka kwenye mtungi, mkono wangu kwake ni kama kata, uso wangu hautazami. Na maneno huanzia hapo hapo. Mimi nasema "paka", yeye macho yako kwenye feni, sasa neno paka atalibandika wapi?

Mjomba Hamadi: Hilo la kidole sikulijua kabisa.

Shangazi Zuhura: Mimi bado nasema asomewe. Watu wana macho.

Mama Salimu: Dua sikatai shangazi, msomeeni kila mkimkumbuka. Ila ubani hapana, ule moshi mara ile ulimtapisha. Na niseme wazi kwa wote, si jini, si chanjo, wala si kwamba nilimwacha na TV. Ubongo wake umekua kwa njia yake tangu tumboni.

Shangazi Zuhura: Nimeelewa mwanangu. Ubani nauacha.

Da Maryamu: Ndugu zangu salaam kutoka Leicester. Mama Salimu waambie habari ya ndoo.

Mama Salimu: Naam. Nina ndoo yenye mfuniko, mtoto asione ndani. Ndani nimeweka vitu vitatu tu, vya kuzunguka, vya kung'aa au vya kutoa sauti ndogo. TV nazima, vitu vya mkekani naondoa. Naimba wimbo ule ule wa kuanzia, natoa kitu kimoja, nakichezesha mimi mwenyewe kwa furaha ya kweli, maneno machache sana. "Lo! Inazunguka." Basi. Simwambii "Salimu angalia". Neno hilo ameshalisikia mno, limekuwa kama mvumo wa feni. Akiondoka simvuti, naendelea kucheza. Wiki ya kwanza alikaa kwa kitu kimoja akaenda zake. Sasa anamaliza vyote vitatu, kama dakika nne.

Mjomba Hamadi: Na hapewi ashike?

Da Maryamu: Hapo ndipo wageni wengi wanakosea mjomba. Akipewa ashike, anaondoka nacho pembeni, anakuwa peke yake na kitu. Ndoo ni ya kutazama pamoja, kushika kuna wakati wake. Njia hii inaitwa Attention Autism, aliianzisha Gina Davies, mtaalamu wa lugha na matamshi wa huku Uingereza, nasi tunaitumia chekechea ninakosaidia. Ina hatua nne. Baada ya ndoo kuna jambo refu zaidi la kutazama, kisha kucheza kwa zamu, mwisho mtoto anatazama, anakwenda kufanya mwenyewe, anarudi kundini. Kila hatua inachukua muda wake, msiharakishe zamu.

Mama Salimu: Hatua ya pili tumeianza juzi, na Bibi ndiye fundi. Amekaa kwenye kibao, sinia jeusi mbele yake, ameweka kiganja juu ya sinia na kuchekecha unga taratibu. Unga unaanguka kama ukungu. Salimu kaacha kurusharusha mikono, kasogea mpaka magoti yamegusa sinia. Bibi akaondoa kiganja, umbo la mkono likabaki jeusi katikati ya weupe. Salimu akalitazama, akamtazama Bibi usoni, akarudi kulitazama. Mara moja tu. Nililia jamani. Miezi yote hii nilikuwa nasubiri macho yale yasafiri hivyo, kutoka kwenye kitu kwenda kwa mtu.

Shangazi Zuhura: Allah! Mama yangu na unga wake.

Mama Salimu: Na nje ya ndoo kutwa nzima mimi ndiye ninayemfuata. Akipanga vizibo vya soda mstari, nakaa mbele yake chini, napanga mstari wangu. Zamani nilimnyang'anya nikampa gari "acheze vizuri", tukaishia kilio. Sasa nikichelewa kuweka cha kwangu anautazama mkono wangu, anasubiri. Nami nimejifunza kunyamaza. Kwenye bembea nasukuma mara tatu, nashika kamba, nahesabu moyoni mpaka kumi. Akinitupia jicho, akitoa sauti, akitikisa mguu, nasukuma.

Mjomba Hamadi: Kumi ni ndefu kwa mtoto.

Mama Salimu: Kwangu mimi ndiyo ndefu, mjomba. Yeye anaihitaji.

Mjomba Hamadi: Basi Idi watoto wangu nitawakalisha mkekani, wasidai kushika. Nitachonga pia ya mti wa mpera, ile ya kuzungusha inayovuma. Itafaa?

Mama Salimu: Itafaa sana. Ila isivume kwa nguvu, na asiione kabla. Nipe mimi niitie ndani ya ndoo.

Da Maryamu: Na mkija msije wote chumbani mara moja. Wawili wawili.

Mwanaidi: Shikamooni. Namwandikia Bibi, anasema hivi: "Zuhura njoo na chekeche, hii yangu imetoboka. Na mnunulie mama Salimu ndoo nyingine, hiyo aliyochukua ndiyo yangu ya kuchotea maji."

Shangazi Zuhura: Nakuja navyo vyote viwili. Mwambie Bibi nimemwamkia.