Baiskeli ya mtumba Cambridge: nikague nini?

Mwana Ihumwa: Wakuu, Septemba naenda kusoma Cambridge, Uingereza. Hapa Dodoma naendesha Phoenix ya marehemu baba, naijua kila spoki. Kule nitanunua iliyotumika. Nianze kukagua wapi?

Dada wa Majengo: Mdogo wangu, nilikaa pale miaka miwili. Ipindue: chini ya fremu, kwenye ekseli ya pedeli, kuna namba. Iingize BikeRegister, tovuti yao ya kusajili baiskeli, uone kama haijaripotiwa kuibwa. Wizi wa baiskeli pale umezidi. Yangu ya kwanza walikata kufuli la waya usiku mmoja tu, nililia. Nunua kufuli la chuma lenye umbo la U, funga fremu yenyewe, usifunge gurudumu peke yake. Usiku sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Mji ni tambarare, hakuna kilima kama cha pale chuoni UDOM. Upepo upo, huo umeshauzoea.

Fundi Chang'ombe: Zungusha gurudumu ukitazama karibu na breki. Likiyumba, rimu imepinda. Halafu ivute cheni pale mbele. Ikiachana na meno, imekwisha.

Mwana Ihumwa: Asante dada, asante fundi. Wanapita kushoto kama sisi?

Dada wa Majengo: Kushoto, hilo usihofu.