Gambia bila Jammeh: kura wamepata, samaki je?

Wakuu salama? Jana kijiweni jamaa mmoja kabisha mpaka povu linamtoka eti Gambia, kale kanchi kadogo ka Afrika Magharibi, ilikuwa afadhali enzi za rais wao wa zamani Yahya Jammeh, mchele bei ya chini, sasa wamepewa demokrasia na demokrasia hailiwi. Nikasema hili nalileta hapa tubishane vizuri.

Tukumbushane kidogo. Jammeh kaingia kwa mapinduzi 1994, kakaa miaka 22, Desemba 2016 kapigwa na Adama Barrow kwenye kura, akakubali, wiki moja mbele akageuka, mpaka majeshi ya ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) yalipovuka mpaka Januari 2017 ndo akapanda ndege kwenda Guinea ya Ikweta. Sasa hiyo nafuu mnayoililia, dalasi (pesa yao) ilikuwa inapangiwa bei na ikulu, amri inatoka na wabadilisha fedha wanafuata, huku mwenyewe ana biashara kila kona, hadi mikate anauza! Tume iliyochunguza mali zake ikakuta kachota zaidi ya dola milioni 300, nchi yenyewe watu milioni 2 na ushee. Na deni kwa hesabu za wakati ule lilishapita pato zima la nchi la mwaka. Hiyo sio nafuu ndugu zangu, huko ni kula kwa mkopo bili akaachiwa mwingine.

Ila mimi sio chawa wa Barrow. Aliahidi kukaa madarakani miaka mitatu tu, ilipofika watu wakaingia barabarani kumkumbusha, yeye akabaki na 2021 akashinda tena. Uchumi ulipumua, 2018 ulikua kama asilimia 7, na daraja la Senegambia la kuvuka mto Gambia lilipofunguliwa Januari 2019 yale malori yaliyokuwa yanalala foleni ya kivuko Farafenni yakaanza kuvuka chap. Lakini pesa yenyewe inatoka wapi? Watalii, karanga, na ndugu walioko Ulaya na Marekani wanaotuma zaidi ya moja ya tano ya pato la nchi. Ndo maana Thomas Cook, kampuni ya Uingereza iliyokuwa inaleta watalii, ilipofilisika Septemba 2019 hoteli ziliyumba hata kabla ya korona. Yani uchumi uleule, kaondolewa mwizi tu.

Kinachoniuma mimi ni samaki. Kuna viwanda vya unga wa samaki huko pwani, Gunjur, Sanyang na Kartong, vinabeba bonga (samaki wadogo wa bei ya mnyonge) kwa matani, unga unaenda nje kulisha samaki wa kufugwa, halafu mama anayekausha samaki kwa moshi pale ufukweni akifika anakuta bei haishikiki (kama dagaa wetu wa Ziwa Victoria wanavyoishia kwa kuku, hatuna la kucheka). 2017 maji ya Bolong Fenyo, ziwa dogo la pwani pale Gunjur, yaligeuka mekundu, watu wakanyooshea kidole kiwanda. Wananchi wakaenda mahakamani, na 2018 wakashika majembe wakafukua wenyewe bomba la maji machafu la kiwanda. 2021 Sanyang kiwanda kikachomwa moto.

Sasa wewe wa demokrasia hailiwi, enzi za Jammeh nani angethubutu kugusa lile bomba? Si ungelala gereza la Mile 2 usiku huohuo. Na nyie watetezi wa Barrow, mbona bomba jingine liliwekwa na serikali ikabariki? Nijibuni hapo, matusi hapana.